Kufunga turbo kwenye injini ya 1HZ ya Land Cruiser: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ya wenye Land Cruiser zenye injini ya 1HZ ni yale yale kila mara. Je, injini hii ya dizeli inakubali turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini? Dizeli iongezwe kiasi gani kwenye pampu? Ni kweli kwamba ukishafunga turbo, injini haimalizi mwaka? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kuelewa kazi kabla ya kutoa fedha zake, na kwa ajili ya fundi ambaye amefungua injini nyingi za 1HZ lakini hajawahi kuifunga moja turbo. Jibu fupi ni kwamba injini inakubali, na inaweza kudumu miaka mingi, lakini kinachoiua si presha ya turbo yenyewe. Kinachoiua ni joto la moshi ambalo hakuna mtu aliyelipima.

Injini ya 1HZ ilianza kutumika mwaka 1990. Ina silinda sita, ujazo wa cc 4,164, kipenyo cha silinda milimita 94 na mwendo wa pistoni milimita 100, na hutoa takriban nguvu farasi 130 ikiwa katika hali yake ya kiwandani. Dizeli hurushwa kwanza kwenye chemba ndogo (chemba ya awali) iliyo ndani ya silinda hedi, ndipo moto unapotoka na kuingia kwenye silinda, na mgandamizo wake ni wa juu sana, yaani takriban 22.4 kwa 1. Kwa kuwa haina turbo, injini hii huvuta hewa ile tu inayoletwa na anga. Katika miji iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama Nairobi au Mbeya, hewa imepungua kwa takriban sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na Mombasa au Tanga, na ndiyo maana gari linalovuta vizuri pwani huishiwa pumzi na kutoa moshi mweusi likiwa na mzigo kuelekea Timboroa.

Yafaa kujua pia kwamba Toyota wenyewe, katika kipindi hicho hicho, walitengeneza ndugu yake mwenye turbo, 1HD-T, mwenye ujazo ule ule wa cc 4,164. Hawakufunga turbo na kuacha mengine yalivyokuwa. Walibadilisha mfumo ili dizeli irushwe moja kwa moja juu ya pistoni, wakashusha mgandamizo hadi 18.6 kwa 1, na wakaweka vinyunyizio vya oili vinavyopoza pistoni kwa chini. Ukifunga turbo kwenye 1HZ, unakosa yote hayo matatu, na kila kikomo kilichotajwa katika mwongozo huu kinatokana na ukweli huo.

Kwa hiyo lengo liwe la kiasi: presha ya turbo ya bar 0.5 bila intakula (kipozea cha hewa inayotoka kwenye turbo), au isiyozidi bar 0.7 ikiwa intakula imefungwa. Kwa kiwango hicho tarajia ongezeko la nguvu la robo hadi theluthi, ambalo kwenye mlima utalihisi waziwazi. Anayetaka kupata mara mbili ya nguvu ya awali anunue injini nyingine, kwa sababu 1HZ haikujengwa kwa ajili hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua bolti ya kwanza

- Turbo yenye ukubwa unaofaa injini ya lita 4.2, pamoja na manifoldi yake (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote). Kama manifoldi imetoka kwenye injini nyingine, weka gasketi mpya ya manifoldi ya 1HZ juu yake na uhakikishe kwamba matundu yote ya moshi na ya bolti yanakubaliana kabla hujalipa.
- Geji tatu: ya joto la moshi yenye waya wa kupimia unaostahimili moto mkali, ya presha ya turbo, na ya joto la maji inayoonyesha namba.
- Bomba la kupeleka oili kwenye turbo, bomba pana la kuirudisha kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na gasketi zote mpya.
- Mipira ya hewa ya silikoni yenye vibano imara, si mipira ya maji ya rejeta iliyokatwa ili itoshe.
- Bomba la ekzosi la inchi 3, au kwa uchache kabisa inchi 2.5, kutoka kwenye turbo hadi nyuma.
- Oili mpya ya dizeli ya 15W-40, filta mpya ya oili, filta mpya ya dizeli na kichujio kipya cha hewa.
- Geji ya kupimia kompresheni ya dizeli. Ile ya petroli haifai, kwa sababu itapasuka au itadanganya.
- Fundi pampu unayemwamini, mwenye mashine ya kupimia pampu na noseli (vinyunyizio vya dizeli). Huyu si wa kuongezea mwishoni kazi ikishaharibika. Zungumza naye mwanzoni.

Hatua ya 1: Pima afya ya injini

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama kazi iendelee au isimame. Turbo haifufui injini iliyochoka. Inaharakisha mwisho wake.

Pasha injini moto hadi joto la kawaida la kazi, toa plagi zote za joto, kata umeme wa kizimio cha dizeli kwenye pampu ili isiwake, kisha pima kompresheni ya kila silinda huku betri ikiwa na nguvu kamili. Injini yenye afya husoma zaidi ya kilo 30 kwa sentimita ya mraba. Mimi siendelei na kazi ikiwa silinda yoyote iko chini ya 27, au ikiwa silinda bora na silinda mbovu zinapishana kwa zaidi ya 5, hata kama mwenye gari anasema kwamba linawaka vizuri asubuhi.

Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma taratibu. Mvuke kidogo ni jambo la kawaida. Ikiwa moshi unasukuma kwa nguvu na kurusha matone ya oili, ringi zimechoka. Angalia pia maji kwenye rejeta: ukiona mapovu yanayoendelea bila kukoma injini ikipigwa resi, au maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, shuku silinda hedi. Hedi za 1HZ hupata nyufa kati ya valvu na karibu na chemba za awali, hasa kwenye magari yaliyowahi kuchemsha, na hedi yenye ufa haitastahimili turbo hata kwa safari moja ndefu.

Katika hatua hii hii, kagua uwazi wa valvu injini ikiwa baridi, toa noseli zote sita zikapimwe, na uulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi ipo kwa ajili ya kukumbusha, lakini katika magari mengi ya zamani ilishazimwa au kuondolewa. Kama hakuna mtu anayejua historia ya mkanda huo, ubadilishe sasa pamoja na kikaza chake. Ukikatika, valvu zitagonga pistoni.

Hatua ya 2: Funga geji ya joto la maji na uitumie kwanza

Funga geji ya joto la maji yenye namba, kisha endesha gari kama kawaida kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Geji ya dashibodi hukaa katikati katika eneo pana la joto na huanza kupanda wakati madhara yamekaribia kutokea, kwa hiyo haikuambii kama mfumo wa upozaji una akiba. Panda mlima mmoja unaoufahamu, ukiwa na mzigo, na uandike namba uliyoiona kileleni. Namba hiyo ndiyo kipimo chako cha kulinganisha baadaye.

Ikiwa joto linapanda na kuendelea kupanda hata kabla ya turbo kufungwa, tatizo la upozaji lipo tayari. Safisha au ukarabati rejeta kwa kuifungua na kuipiga brashi ndani, si kwa kumwaga maji tu. Badilisha kifuniko chake na themostati. Na ujaribu klachi ya feni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni inapaswa kugoma kidogo unapoizungusha kwa mkono. Ikizunguka kwa uhuru kabisa, haivuti hewa ya kutosha kwenye mwendo mdogo wa mlimani.

Hatua ya 3: Andaa manifoldi juu ya meza

Toboa tundu la waya wa kupimia joto la moshi kwenye manifoldi ya turbo ikiwa bado iko mezani, mahali ambapo moshi wa silinda zote unakutana kabla ya kuingia kwenye turbo. Tengeneza uzi, kisha safisha chembe zote za chuma kwa brashi na hewa. Chembe moja ikibaki itapita kwenye gurudumu la turbo linalozunguka kwa kasi kubwa na kulila meno. Ncha ya waya ifike katikati ya njia ya moshi. Ikikaa ukingoni itasoma joto la ukuta wa manifoldi na utafarijika bila sababu.

Wapo wanaofunga kipimo hiki baada ya turbo, kwenye ekzosi, kwa kuogopa kwamba waya ukivunjika utaingia kwenye turbo. Tatizo ni kwamba baada ya turbo moshi huwa umepoa kwa nyuzi mia moja na zaidi wakati wa mzigo mkubwa, na tofauti hiyo haikai mahali pamoja, hivyo dereva hubaki akikisia. Nunua waya wa ubora mzuri na uufunge kabla ya turbo.

Hatua ya 4: Funga manifoldi na turbo

Toa manifoldi ya zamani kwa subira. Stadi zilizoota kutu zipuliziwe mafuta ya kulegeza siku moja kabla, kwa sababu stadi ikikatikia ndani ya hedi ni kazi ya nusu siku. Hakikisha uso wa hedi ni safi, weka gasketi mpya, kaza kuanzia katikati kuelekea kwenye ncha, na urudie kukaza injini ikishapata moto na kupoa mara ya kwanza.

Turbo yenyewe ikae ili tundu la kuingizia oili liwe juu na la kutolea liwe chini, karibu wima kabisa. Ikilala upande, oili haitoki vizuri na itaanza kuvuja kwenye sili, na wengi watakuambia turbo ni mbovu wakati mbovu ni namna ilivyofungwa.

Hatua ya 5: Njia ya oili

Oili ya kwenda kwenye turbo ichukuliwe kwenye njia kuu ya presha, kwa kuweka kiungio cha njia tatu mahali pa sensa ya presha ya oili. Bomba liwe la chuma au la waya wa kusuka, na lisiguse manifoldi.

Bomba la kurudishia ndilo linalohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu oili inayotoka kwenye turbo haina presha tena. Inashuka kwa uzito wake yenyewe, ikiwa imechanganyika na povu. Kwa hiyo bomba liwe na kipenyo cha ndani cha takriban milimita 19, literemke moja kwa moja bila bonde lolote, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ili kuchomelea kiungio chake, shusha sampu, toboa, chomelea, osha, kisha irudishe. Usitoboe sampu ikiwa juu ya gari kwa matumaini kwamba grisi kwenye ncha ya drili itakamata chembe zote. Haitazikamata.

Hatua ya 6: Njia ya hewa na pumzi ya injini

Kati ya kichujio cha hewa na turbo pasiwe na hata tundu la sindano. Barabara zetu za vumbi hazisamehe: vumbi linalopita kwenye kiungo kilicholegea hukwangua mapanga ya turbo, kisha huenda kwenye ringi na kuzila. Paka kidole ndani ya bomba la hewa baada ya safari ya vumbi. Kikitoka na unga mwekundu, pana mahali panapovuja, na gari lisitembee hadi papatikane.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni la pumzi ya injini, yaani ule mpira unaotoka kwenye kifuniko cha valvu. Katika injini isiyo na turbo mpira huo huingia kwenye njia ya hewa karibu na manifoldi ya hewa. Ukiuacha pale pale baada ya kufunga turbo, presha ya turbo itasukumwa kuingia ndani ya injini, na oili itatafuta njia ya kutokea kwenye sili ya nyuma ya krankshafti, kwenye kijiti cha kupimia oili na kila penye udhaifu. Uhamishe uingie kabla ya turbo, ukipitia kwenye kopo la kunasa oili, na kopo hilo limwagwe kila unapobadilisha oili.

Hatua ya 7: Ekzosi

Bomba la awali ni jembamba kwa injini yenye turbo. Moshi usipotoka kwa urahisi, joto hujikusanya kwenye manifoldi na turbo huchelewa kuamka. Bomba pana lenye mafla moja ya kupitisha moshi moja kwa moja linatosha. Acha nafasi ya kutosha kati ya bomba la kutokea kwenye turbo na waya, mipira ya breki na sakafu ya gari, na uweke ngao ya joto panapobana.

Hatua ya 8: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Badilisha oili na filta. Mimina oili safi kidogo kwenye tundu la juu la turbo na uzungushe shafti yake kwa kidole. Kata tena umeme wa kizimio cha dizeli kwenye pampu, kisha piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi, ukipumzisha kati ya kipindi na kipindi, mpaka geji ya oili ionyeshe presha. Hapo ndipo urudishe umeme na kuwasha. Iache injini ingurume taratibu kwa dakika kadhaa bila kupigwa resi, huku ukikagua kila kiungo cha oili, cha maji na cha moshi kwa tochi.

Hatua ya 9: Endesha kabla ya kugusa pampu

Wengi hufungua skrubu ya dizeli siku ile ile. Usifanye hivyo. Endesha gari likiwa na turbo na dizeli yake ya awali, na utaona mambo mawili: moshi mweusi umepungua sana, na nguvu mlimani imeongezeka hata bila tone la ziada la dizeli, hasa katika maeneo ya mwinuko. Angalia presha ya turbo ukiwa na mzigo. Ikizidi bar 0.5 bila intakula, rekebisha kidhibiti presha cha turbo sasa, si baadaye.

Kwa gari la kubeba watalii, la misheni au la kubeba mazao linalofanya kazi kila siku, ningependa mwenye gari aishie hapa kwa kilometa elfu kadhaa. Katika hatua hii joto la moshi liko chini, dizeli haijaongezeka, na manufaa makubwa tayari yamepatikana.

Hatua ya 10: Kuongeza dizeli kwenye pampu

Pampu ya 1HZ ni ya mzunguko, na skrubu ya kiasi cha dizeli iko nyuma yake, imefungwa kwa nati, mara nyingi ikiwa na kola ya chuma ili isizungushwe ovyo. Njia bora ni kumpelekea fundi pampu, umweleze kwamba injini sasa ina turbo ya presha kiasi fulani, na umwombe akuandikie vipimo vya kabla na baada. Baadhi ya pampu za 1HZ zina kifaa juu yake kinachopunguza dizeli kadiri gari linavyopanda mwinuko. Kama yako inacho, mtajie fundi, kwa sababu kifaa hicho kinapima hewa ya nje na hakijui kwamba turbo imeshairudisha hewa iliyopungua.

Ukilazimika kuirekebisha ikiwa kwenye gari, fuata utaratibu huu:

a) Weka alama ya rangi kwenye skrubu na kwenye mwili wa pampu, ili uweze kurudi ulikotoka.

b) Legeza nati na uingize skrubu ndani kwa sehemu moja ya nane ya mzunguko, si zaidi. Kaza nati.

c) Resi ya chini itapanda kidogo. Ishushe kwa skrubu yake.

d) Panda mlima ule ule wa hatua ya 2, ukiwa na mzigo ule ule, kwa gia ile ile. Soma joto la moshi, presha ya turbo na joto la maji, na uziandike.

e) Rudia tu ikiwa joto la moshi limebaki chini ya kikomo.

Kikomo ninachotumia kwa 1HZ, kikisomwa kabla ya turbo, ni nyuzi 650 za Selsiasi kwa mlima mrefu, na nyuzi 700 kwa muda mfupi kama wa kupita gari jingine. Aluminiamu ya pistoni hupoteza ugumu wake mapema sana kabla ya kuyeyuka, na pistoni ya 1HZ haina oili ya kuipoza kutoka chini. Pistoni iliyopikwa hivyo inatambulika mara inapotolewa: ukingo wa juu unaotazama chemba ya awali umegeuka kijivu na kuwa na vishimo kama vya nondo, na kutoka hapo ufa mwembamba unashuka kuelekea kwenye tundu la pini.

Usizungushe skrubu hiyo nusu mzunguko kwa mara moja. Ukipitiliza, injini inaweza kugoma kurudi kwenye resi ya chini unapoachia pedali, na ukiwa barabarani hilo ni jambo la hatari.

Hatua ya 11: Klachi, gia na namna ya kuendesha

Klachi iliyokuwa inatosha jana inaweza kuanza kuteleza: resi inapanda, mwendo haupandi, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Panga bajeti ya klachi nzito zaidi tangu mwanzo. Usivute mzigo mzito mlimani kwa gia ya tano, kwa ajili ya giaboksi na kwa ajili ya joto la moshi pia. Ukiona sindano inakaribia 650, rudisha gia moja nyuma na upunguze pedali. Injini ikizunguka haraka zaidi kwa dizeli kidogo kila pigo, hewa inazidi na joto linashuka ndani ya sekunde chache.

Baada ya mlima au safari ya mwendo mkali, iache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili ipoze shafti ya turbo. Badilisha oili kila kilometa 5,000. Na nunua dizeli kwenye vituo unavyoviamini, kwa sababu pampu ya mzunguko hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa yaliyochanganywa humo huisaga kutoka ndani. Ni tatizo kubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wachakachuaji.

Kuhusu intakula

Hewa ikigandamizwa na turbo hupata joto, na intakula huipoza kabla ya kuingia kwenye injini. Kwa bar 0.5 si lazima. Ukitaka kufika bar 0.7, au ukiishi mahali pa joto kama Turkana au Dodoma na kubeba mizigo mizito, ifunge. Lakini ikiwekwa mbele ya rejeta isiyo na akiba ya kutosha, itaziba hewa na kupandisha joto la maji, kwa hiyo rudi kwenye namba ulizoandika katika hatua ya 2 kabla ya kuamua.

Matatizo yanayojitokeza na pa kuanzia kutafuta

Moshi mweusi mwingi na presha ndogo ya turbo: kuna hewa inavuja baada ya turbo, au kidhibiti presha kimekwama wazi. Paka maji ya sabuni kwenye viungo huku injini ikipigwa resi na utafute mapovu. Usiguse pampu kabla ya kumaliza kazi hiyo.

Moshi mweusi na presha ya kawaida: dizeli imezidi. Rudisha skrubu kuelekea kwenye alama yako.

Moshi wa bluu wakati wa kuwasha au baada ya kushuka mteremko mrefu: oili inapita kwenye sili ya turbo. Kagua kwanza bomba la kurudishia oili na mpira wa pumzi ya injini, kwa sababu mara nyingi mojawapo limebana, na turbo yenyewe haina kosa.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli asubuhi: plagi za joto au noseli. Turbo haihusiki.

Mlio wa filimbi unaokua kila wiki: shika shafti ya turbo injini ikiwa imezimwa na baridi. Kucheza kidogo sana upande hadi upande ni kawaida, lakini ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamegusa ukuta wa nyumba yake, isimamishe mara moja kabla vipande havijaingia kwenye injini.

Joto la moshi kubwa kuliko kawaida kwenye mlima ule ule, bila wewe kubadilisha chochote: anza na kichujio cha hewa, kisha mipira, kisha noseli. Noseli moja inayotiririsha badala ya kunyunyiza inatosha kupandisha joto na kutoboa pistoni ya silinda yake peke yake.

Joto la maji linapanda kwenye mlima tu na kushuka haraka kwenye tambarare: rejeta au klachi ya feni. Likipanda hata kwenye tambarare, na mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, moshi unaingia kwenye maji. Zima gari, usiongeze maji na kuendelea na safari, na uandae hedi kwa ajili ya kufunguliwa na kupimwa nyufa.